'The Shop Around the Corner': Mapenzi, barua na hofu ya kumwaga unga

MIONGONI mwa filamu za mahaba zilizotengenezwa Hollywood kabla ya Marekani kujitosa katika Vita vya Pili vya Dunia, ni chache zilizoendelea kutazamwa na kuigwa kama 'The Shop Around the Corner', jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa 'Duka Lililo Kwenye Kona'.

Filamu hiyo ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye urefu wa dakika 99, ilitolewa Januari 1940 na kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Mwelekezi wake alikuwa Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin, naye Samson Raphaelson akaandika mswada wake. Waigizaji wakuu ni James Stewart, Margaret Sullavan na Frank Morgan.

Chimbuko lake ni tamthilia ya Kihungari, 'Illatszertár', yaani duka la manukato, iliyotungwa na Miklós László na kuigizwa kwa mara ya kwanza jijini Budapest mwaka wa 1937. Wapenzi wa michezo ya jukwaani nje ya Hungary waliifahamu baadaye kwa jina la Kifaransa, 'Parfumerie'.

Vitabu vya marejeo huiweka katika kundi la vichekesho vya mapenzi vyenye chembe ya huzuni. Uainishaji huo si kosa, ila haufiki kwenye kiini. Kinachowakosesha usingizi wahusika wa filamu hii si mapenzi. Ni kazi. Kila mmoja wao huamka asubuhi akijiuliza mwajiri ameamkaje, na swali hilo ndilo linaloamua nani atapenda, nani ataoa na nani atakula sikukuu akiwa peke yake.

Duka la Matuschek

Hadithi inafanyika katika duka la bidhaa za ngozi linaloitwa Matuschek na Kampuni, pembeni mwa barabara ya Andrássy jijini Budapest. Linauza mikoba, pochi na masanduku ya safari. Mwenye duka ni Hugo Matuschek (Frank Morgan), mzee mwenye moyo mwema lakini mwepesi wa kukasirika.

Karani wake wa kutegemewa ni Alfred Kralik (James Stewart), kijana aliyeingia dukani akiwa mwanagenzi na sasa hualikwa hata nyumbani kwa mwajiri. Wenzake ni pamoja na Pirovitch, mzee mpole mwenye mke na watoto. Vadas, mtanashati mwenye maneno ya asali na pete ya thamani isiyolingana na mshahara wake. Wauzaji wawili wanawake, Flora na Ilona. Na Pepi, tarishi mwenye ulimi mrefu kuliko umri wake.

Asubuhi moja Matuschek anataka kununua shehena ya visanduku vya sigara ambavyo hutoa muziki kila vinapofunguliwa. Anamwomba Kralik maoni ya kweli. Kralik anamwambia kwamba havitanunuliwa. Mzee ananuna, kwani alichotaka hasa ni kuungwa mkono.

Wakati huo huo anaingia msichana anayetafuta kazi, Klara Novak (Margaret Sullavan). Kralik anamweleza kwamba hakuna nafasi. Klara haondoki. Anakichukua kimojawapo cha visanduku vile, anamgeukia mteja mnene aliyekuwa akipita, na kumweleza kwamba hicho ni chombo cha peremende: kila atakapokifungua, muziki utamkumbusha kwamba anakula kupita kiasi. Mama yule ananunua. Klara anapata kazi, na Kralik anapata adui.

Hayo yote yanatokea katika dakika chache, na yafaa yaangaliwe kwa makini. Klara hakuajiriwa kwa sababu ya uzuri wake wala kwa huruma ya mtu. Aliajiriwa kwa kumfurahisha mwenye duka dhidi ya karani aliyethubutu kusema kweli. Ugomvi wao wa miezi sita inayofuata unaanzia hapo.

Sanduku nambari 237

Kisa kina upande wa pili ambao hakuna anayeujua dukani isipokuwa Pirovitch. Kralik aliona tangazo gazetini la msichana anayetaka kuandikiana barua na mtu mstaarabu kuhusu mambo ya elimu na maisha. Akamjibu. Barua zikaanza kwenda na kurudi kupitia sanduku la posta nambari 237, bila yeyote kutaja jina lake wala mahali anapofanya kazi.

Msomaji wa Kenya aliyekuwa na rafiki wa kalamu enzi zile, akapita posta kila jioni na kufungua sanduku kwa moyo unaodunda, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Mtazamaji hung'amua mapema kuwa mwandishi wa barua zile ni Klara. Wanaochukiana kaunta kwa kaunta mchana ndio wale wale wanaopendana kwa kalamu usiku. Mbinu hii ni kongwe kuliko sinema yenyewe: hadhira inajua, wahusika hawajui. Ubora wa filamu hii haumo katika mbinu bali katika namna inavyoitumia.

Kabla ya siku ya kukutana, Kralik anamuuliza Pirovitch swali la mtu mzima: mtu akioa, ataishije kwa mshahara wa karani? Pirovitch anamjibu kwa hesabu. Vyumba vichache vinatosha. Wageni? Rafiki wa kweli huja baada ya chakula cha jioni. Ni mazungumzo mafupi, nusu ya utani, lakini ni nadra kwa filamu ya mahaba ya miaka ile kumfanya shujaa wake apige hesabu ya kodi ya nyumba kabla hajamwona mchumba.

Kralik anakusudia kumwomba Matuschek nyongeza ya mshahara. Badala yake, siku ile ile anapigwa kalamu.

Siku ya maafa

Sababu yake haihusiani na kazi. Matuschek amepokea barua isiyo na jina inayodai kwamba mkewe ana uhusiano na mmoja wa wafanyakazi wake. Mzee anafikiria: ni nani aliyezoea kufika nyumbani kwangu? Kralik. Hathubutu kumweleza kosa lake. Anamkaripia kwa mambo madogo madogo kwa siku kadhaa, kisha anamwita ofisini na kumpa barua ya kumsifu kwa mwajiri mwingine atakayempata.

Kralik anatoka na kuwasomea wenzake barua ile. Anakabidhi ufunguo wa kabati lake na vifaa vyake vya kazi. Hakuna anayepaza sauti. Wenzake wanasimama wakimtazama kwa masikitiko, na kila mmoja anajua kwamba neno moja la kumtetea linaweza kumfanya yeye awe wa pili. Lubitsch anaionyesha hali hiyo bila muziki wa kuliza wala machozi. Pengine hakuna tukio la kufutwa kazi katika sinema ya Marekani ya wakati ule lililoigizwa kwa ukweli zaidi ya hili.

Jioni hiyo ndiyo aliyoahidi kukutana na rafiki wa barua katika mkahawa wa Nizza. Alama waliyokubaliana ni ua jekundu la karnesheni na nakala ya riwaya ya 'Anna Karenina'. Kralik hataki tena kwenda. Atamwambia nini msichana yule, kwamba ameachishwa kazi mchana wa leo? Anamtuma Pirovitch achungulie dirishani, naye Pirovitch ndiye anayegundua kwamba aliyeketi na ua lile ni Bi Novak.

Kralik anaondoka, kisha anarudi na kuingia, bila kujitambulisha. Klara anamwona kama kisirani aliyekuja kumharibia miadi. Anamshambulia kwa maneno makali, akimfananisha utu wake na bidhaa zile zile za ngozi anazouza, na kumwita karani asiye na maana. Hajui kwamba mtu huyo si karani tena tangu saa chache zilizopita. Stewart anapokea pigo hilo kimya, na uso wake unasema yote.

Huku dukani mpelelezi aliyekodiwa na Matuschek anamletea taarifa. Mwenye hatia si Kralik bali Vadas, yule wa maneno matamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzee anaaga mpelelezi, anaingia ofisini, anafunga mlango, na mtazamaji aliyekuwa akicheka dakika chache awali anatambua kwamba anataka kujiua kwa bastola. Anaokolewa na Pepi, tarishi, aliyetokea wakati ule ule.

Vichekesho vingi haviwezi kubeba tukio la aina hii. Vikijaribu, huvunjika vipande viwili. Hiki hakivunjiki kwa sababu tangu mwanzo Matuschek hakuchorwa kama kibonzo cha bosi mkali. Ni mtu aliyeyafanya maisha yake yote kuwa duka, akaja kugundua kwamba nyumbani hana kitu.

Mkono uliofika bure

Wahakiki wanapozungumzia filamu hii hawakosi kutaja picha moja ya sekunde chache. Klara, baada ya usiku ule wa kungoja bure mkahawani, anakwenda posta. Kamera imewekwa upande wa ndani, nyuma ya safu ya masanduku. Tunaona mkono uliovaa glavu ukiingia katika sanduku 237, vidole vikipapasa huku na huku na kukuta patupu. Mkono unaanguka. Kisha uso wake unatokea kwenye tundu lile, ukichungulia kama kwamba macho yataona ambacho vidole vimekosa.

Jukwaani tukio hilo lisingewezekana kwa namna hiyo. Mtazamaji wa ukumbini huwa ameketi upande mmoja, mbali, na vidole vya mwigizaji havimfikii. Hapa ndipo ilipo tofauti ya tamthilia na filamu, si katika kuongeza mandhari ya barabara na magari kama wanavyodhani waelekezi wengi wanaobadilisha michezo ya kuigiza.

Lubitsch na Raphaelson kwa kweli walifanya kinyume cha ilivyozoeleka. Hawakulitoa jukwaa nje ya filamu. Sehemu kubwa ya kisa inabaki dukani: kaunta, ngazi, mlango wa ofisi, chumba cha kuwekea bidhaa. Pirovitch ana tabia ya kutoweka kila anaposikia Matuschek akitafuta mtu wa kumpa maoni ya kweli. Mzaha huo ni wa jukwaani kabisa, unategemea milango na ngazi, na unachekesha kila unaporudiwa.

Walichobadilisha ni mambo mengine. Duka la manukato likawa la bidhaa za ngozi, na wapendanao wakapewa nafasi kubwa zaidi, ingawa kisa cha mwenye duka na mkewe hakikufutwa. Bi Matuschek mwenyewe haonekani hata mara moja; tunamjua kupitia simu anazopigiwa na mumewe. Uamuzi huo ni wa busara, kwani kila mtazamaji anamuumba atakavyo.

Raphaelson hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Ndiye aliyeandika tamthilia iliyozaa 'The Jazz Singer' ya 1927, filamu iliyofungua enzi ya sinema zenye sauti, na alikuwa ameshirikiana na Lubitsch katika 'Trouble in Paradise' ya 1932. Filamu hiyo nayo ilitokana na tamthilia ya Kihungari. Mwandishi Ben Hecht pia alichangia mswada wa 'The Shop Around the Corner' bila jina lake kutajwa.

Mwana wa fundi cherehani

Lubitsch alizaliwa Berlin Januari 29, 1892. Baba yake alikuwa fundi cherehani mwenye duka la nguo za wanawake, na kijana Ernst alifanya kazi humo kabla ya kujiunga na kundi la uigizaji la Max Reinhardt mwaka wa 1911. Mojawapo ya filamu zake za mwanzo za Kijerumani, 'Schuhpalast Pinkus' ya 1916, ilihusu karani wa duka la viatu, naye mwenyewe akaigiza nafasi hiyo.

Alihamia Hollywood mwaka wa 1922. Huko akajipatia sifa kwa visa vya matajiri, kasri na vitanda vya hariri, vilivyosimuliwa kwa kudokeza badala ya kusema waziwazi. Waandishi wa Marekani waliuita ustadi huo mguso wa Lubitsch.

Katika filamu ya 1940 aliweka kando fahari hiyo. Inasimuliwa kwamba Sullavan alijinunulia gauni la dola 1.98 kwa ajili ya kuigiza, naye mwelekezi akaona bado linapendeza mno. Akaagiza lianikwe juani lichujuke na kurekebishwa lisimkae vizuri. Msichana anayetafuta kazi hawezi kuvaa kama malkia.

Alipohojiwa wakati filamu ilipotoka, Lubitsch alieleza kwamba aliwahi kulijua duka kama hilo jijini Budapest, na kwamba uhusiano wa mwajiri na watu wake unafanana duniani kote: kila mmoja anahofia kazi yake, na tumbo la bosi likichafuka asubuhi, wafanyakazi wote huugua. Katika barua aliyoandika mwaka wa 1947, miezi michache kabla ya kifo chake, alitamka kwamba katika vichekesho vinavyohusu watu wa kawaida hajawahi kufanya kazi bora kuliko hii. Alifariki Novemba 30 mwaka huo huo.

Filamu yenyewe ilipigwa kwa takriban wiki nne na kwa gharama iliyo chini ya dola 500,000.

Waigizaji

Stewart na Sullavan walifahamiana tangu ujana wao katika kundi la uigizaji la University Players huko Massachusetts. Walionekana pamoja katika filamu nne: 'Next Time We Love' (1936), 'The Shopworn Angel' (1938), hii ya Lubitsch, na 'The Mortal Storm' (1940). Mazoea hayo yanaonekana. Wanagombana kama watu waliogombana kabla.

Sauti ya Sullavan, nzito kidogo na yenye mkwaruzo, inamfanya Klara asiwe msichana wa kuhurumiwa tu. Ni mwenye majivuno, mpenda maneno makubwa ya vitabuni, na mara nyingine mkatili. Stewart naye bado hakuwa nembo ya wema wa Kimarekani aliyokuja kuwa. Kralik wake ni mkavu, mwenye kiburi cha mtu anayeijua kazi yake. Tuzo ya Oscar aliyopewa kwa mwaka huo ilitokana na 'The Philadelphia Story', filamu nyingine iliyotokana na tamthilia. 'The Shop Around the Corner' haikuteuliwa kuwania tuzo hata moja ya Oscar.

Frank Morgan alikuwa ametoka kuigiza mchawi katika 'The Wizard of Oz' ya 1939. Joseph Schildkraut, aliyemwigiza Vadas, alikuwa mzaliwa wa Vienna. Felix Bressart, aliyemwigiza Pirovitch, aliikimbia Ujerumani baada ya Hitler kutwaa madaraka mwaka wa 1933. Ndiye anayependeza kuliko wote, ingawa hana kisa chake mwenyewe.

Mji uliokuwa ukitoweka

Hakuna anayetaja vita wala siasa katika filamu hii. Maandishi ya dukani ni ya Kihungari, bei zinatajwa kwa pengo, sarafu ya Hungary ya enzi hizo, na theluji inaanguka kwa utulivu juu ya barabara zilizojengwa katika uwanja wa studio huko California. Hata lafudhi hazikusumbuliwa. Stewart anazungumza kama Mmarekani alivyo.

Lakini waliokuwa nyuma ya kamera walijua kilichokuwa kikiendelea. Lubitsch, Myahudi, alivuliwa uraia wa Ujerumani na utawala wa Kinazi mwaka wa 1935. László, naye Myahudi, aliondoka Hungary kuelekea Marekani mwaka wa 1938, mwaka ambao bunge la Budapest lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha idadi ya Wayahudi katika biashara na taaluma. Sheria kali zaidi ikafuata mwaka wa 1939. Kwa maneno mengine, wakati filamu kuhusu hofu ya kufukuzwa dukani ilipokuwa ikitengenezwa, maelfu ya makarani wa Budapest halisi walikuwa wakifukuzwa kwa amri ya serikali.

Kati ya Mei na Julai 1944, baada ya Ujerumani kuivamia Hungary, zaidi ya Wayahudi 400,000 walisafirishwa kutoka nchi hiyo, wengi wao hadi kambi ya mauti ya Auschwitz.

Stewart, Sullavan na Morgan walikutana tena mwaka ule ule wa 1940 katika 'The Mortal Storm', inayoonyesha familia moja ya Kijerumani ikisambaratishwa na Unazi. Anayezitazama mbili hizo kwa kufuatana, nyuso zile zile katika theluji ya aina mbili, hawezi tena kuiona ya kwanza kama mzaha mtupu.

Mkesha wa Krismasi

Sehemu ya mwisho inaanza Matuschek akiwa hospitalini. Anamrudisha Kralik kazini na kumfanya meneja, naye Pepi anatumia nafasi hiyo kujipatia cheo cha karani. Kazi ya kwanza ya meneja mpya ni kumtimua Vadas, anayeishia juu ya rundo la vile visanduku vya muziki.

Kralik sasa anajua yeye ni nani kwa Klara, Klara hajui. Anaendelea kumwandikia. Anamtembelea anapougua na kushuhudia furaha yake barua inapoletwa. Siku ya mwisho anamtungia uongo kwamba amekutana na mchumba wake, bwana Popkin, mtu mnene, mwenye upara na asiye na kazi.

Wapo wanaoona kasoro hapa, nao wana hoja. Kwa karibu nusu ya filamu, mwanamume anajiburudisha kwa siri ambayo mwanamke anaugulia. Utetezi wa filamu ni kwamba Kralik alikuwa ameshaonja aibu yake mwenyewe mkahawani, na kwamba anahitaji muda ili Klara ampende mtu wa dukani kama anavyompenda mtu wa barua. Utetezi huo unatosha kwa kiasi, si kabisa. Uso wa Sullavan anapoelezwa habari za Popkin unaumiza kuliko pengine mwandishi alivyokusudia.

Hatimaye Kralik anachomeka ua jekundu kwenye koti lake. Klara anaelewa. Swali lake la kwanza si la kimapenzi. Anataka kuhakikisha kwamba hana matege, na meneja wa Matuschek na Kampuni anavuta suruali juu katikati ya duka lililozimwa taa ili akaguliwe miguu.

Kabla ya hapo lakini kuna tukio lingine ambalo wengi hulikumbuka zaidi ya busu la mwisho. Mauzo ya mkesha wa Krismasi yamevuka matarajio, wafanyakazi wamepewa bahasha zao za bakshishi, na mzee Matuschek amesimama nje penye theluji akiwatakia heri. Anauliza kila mmoja, kama kwa bahati tu, anakwenda kula wapi. Kila mmoja ana mahali. Anabaki Rudy, tarishi mpya aliyechukua nafasi ya Pepi, mvulana asiye na jamaa mjini. Mzee anaanza kumtajia vyakula watakavyoagiza, kimoja baada ya kingine, na macho ya kijana yanazidi kukua.

Warithi

Mwaka wa 1949 Metro-Goldwyn-Mayer ilikigeuza kisa kuwa filamu ya muziki, 'In the Good Old Summertime', ikiwa na Judy Garland na Van Johnson, na kukihamishia Chicago katika duka la ala za muziki. Mwaka wa 1963 kilirudi jukwaani New York kama mchezo wa nyimbo, 'She Loves Me', kwa muziki wa Jerry Bock na mashairi ya Sheldon Harnick. Mchezo huo ulipofufuliwa Broadway mwaka wa 2016, onyesho la Juni 30 lilipeperushwa moja kwa moja kwenye intaneti, la kwanza la Broadway kufanyiwa hivyo.

Toleo linalojulikana zaidi na vijana ni 'You've Got Mail' la 1998, lililoelekezwa na Nora Ephron, ambapo Tom Hanks na Meg Ryan wanaandikiana kwa barua pepe. Humo wapendanao si makarani tena. Mwanamume ni tajiri wa maduka makubwa ya vitabu, mwanamke ana duka dogo alilorithi kwa mamake, na la mwanamume linalimeza la mwanamke. Filamu inamtaka mtazamaji asahau hilo kabla ya mwisho, na si kila mtazamaji aliyekubali. Duka linalofungwa humo linaitwa The Shop Around the Corner.

Mwaka wa 1999 filamu ya Lubitsch iliingizwa katika orodha ya taifa ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.